Tishu iliyoungua bila mionzi: kisa cha jeni la TREX1

Kipande cha ubongo kikishakatwa, kukaushwa na kutiwa rangi, huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini. Katika kisa hiki mtaalamu wa patholojia aliona kitu anachokijua. Kuta za mishipa midogo ya damu zimenenepa, zimejaa ute wa waridi usio na umbo, na tundu la kupitishia damu limebaki jembamba kama uzi. Pembeni mwa mishipa hiyo tishu imekufa. Seli za saratani hakuna, na seli nyeupe, ambazo zingejazana kama mwili ungekuwa unashambulia mishipa yake wenyewe, ni za kuhesabu.

Picha ya namna hii hupatikana kwa mtu aliyepigwa mionzi ya kichwa kutibu saratani, akapona, kisha miezi au miaka baadaye sehemu ile iliyopigwa ikaanza kufa. Hapa ilionekana hata kwa watu ambao hawakuwahi kupigwa mionzi. Walichokuwa nacho ni damu moja, maana walikuwa ndugu wa ukoo mmoja.

Ripoti yao ilitoka mwaka 1988 katika jarida la madaktari wa macho la Marekani, ikiandikwa na daktari wa retina Gilbert Grand, John Atkinson ambaye ni bingwa wa magonjwa ya kinga ya mwili, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington. (Chuo hicho kiko St. Louis, Missouri. Hakiko jiji la Washington wala jimbo la Washington, na jina hilo limeshawapoteza wengi.) Waliupa ugonjwa jina linalotaja mambo mawili tu, ubongo na retina, wakasema ni mpya na ni wa kurithi. Leo unaitwa RVCL-S: ugonjwa wa mishipa ya retina unaoambatana na uharibifu wa sehemu nyeupe ya ubongo na wa viungo vingine. Herufi ya mwisho, ile S ya viungo vingine, ilichukua miaka mingi kuongezwa, na kuchelewa kwake ni sehemu ya kisa.

Tumfuate mgonjwa tangu mwanzo, kwa jinsi ugonjwa unavyokwenda kwa wengi.

Mara nyingi huanza kwenye jicho, mtu akiwa na miaka thelathini na kitu au arobaini. Anaona doa lisilofutika, au maandishi ya katikati ya ukurasa yanamtoroka. Daktari wa macho anampanua mboni kwa matone, anaangalia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na anakuta vidoa vyeupe kama usufi, vivimbe vidogo kwenye mishipa, na pengine vijidamu. Mtu akikuletea jicho hilo bila maelezo yoyote utasema kisukari. Nami ningesema kisukari. Ukipima sukari iko sawa. Shinikizo la damu nalo, kwa wakati huo, linaweza kuwa sawa.

Hapo ndipo kipimo cha rangi kinapokuwa na maana. Mgonjwa anachomwa sindano ya dawa ya njano kwenye mshipa wa mkono, anaweka kidevu kwenye kifaa, taa ya buluu inawaka, na kamera inapiga picha moja baada ya nyingine huku rangi ikipita kwenye retina. (Ngozi hubaki na unjano kwa saa kadhaa, na mkojo hugeuka rangi ya chungwa. Asipoambiwa mapema atarudi na hofu.) Mahali penye mishipa hai hung'aa. Katika RVCL-S picha huonyesha mabaka meusi karibu na kitovu cha uoni, pale tunapotumia kusomea na kutambua nyuso: kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zimekufa, damu haipiti. Mgonjwa wa selimundu naye hupoteza mishipa ya retina, na madaktari wetu wa Afrika Mashariki wanaijua picha hiyo vizuri, lakini kwake uharibifu kwa kawaida huanzia ukingoni. Huku unaanzia karibu na katikati.

Halafu ubongo. Wengi huwa wana historia ya kipandauso. Ndugu wanaanza kugundua kwamba mtu wao amebadilika: anasahau, anakasirika ovyo, au anakaa kimya ilhali hakuwa mtu wa kukaa kimya. Siku moja mkono unakuwa mzito, au maneno yanakwama, au anaanguka kifafa. Anapelekwa kwenye MRI. Picha inaonyesha madoa katika sehemu nyeupe, na wakati mwingine lundo kubwa, mara nyingi upande wa mbele wa ubongo, linalonyonya dawa ya kung'arisha picha, limezungukwa na maji, na linasukuma ubongo upande wa pili.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Daktari anayesoma picha hiyo peke yake ana sababu zote za kuandika "uvimbe". Kila alama aliyofundishwa ipo. Wagonjwa wa RVCL-S wamefunguliwa fuvu kutafuta saratani isiyokuwepo. Wengine wameambiwa wana ugonjwa wa kinga unaokula ala za neva. Wengine wamewekwa kwenye kundi la lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, au la uchochezi wa mishipa, wakapewa steroidi kwa wingi pamoja na dawa za kushusha kinga. Steroidi hupunguza maji yanayozunguka lundo, mgonjwa anapata nafuu ya wiki chache, na nafuu hiyo inaonekana kuthibitisha jibu ambalo si sahihi. Sidhani kuna mtego mbaya zaidi katika udaktari kuliko dawa inayosaidia kidogo kwa sababu isiyo yenyewe.

Kilichowaokoa madaktari wa 1988 na mtego huo ni kwamba hawakuwa wanaangalia mtu mmoja. Jicho la mmoja wakaliweka karibu na ubongo wa nduguye, na kile kioo cha patholojia pembeni. Ukoo ukichorwa kwenye karatasi, duara kwa mwanamke na mraba kwa mwanamume, ugonjwa ulishuka kizazi hadi kizazi bila kuruka, kwa wanaume na wanawake sawa. Mchoro huo una maana moja: nakala moja ya jeni lenye kasoro, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuleta ugonjwa, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu. Karibu kila aliyelirithi mwishowe huugua. Tangu dalili zianze, wengi huishi miaka mitano hadi kumi, wengine zaidi.

Lakini familia zenye ugonjwa huu ni chache mno duniani, na kila moja iliangukia mikononi mwa bingwa tofauti. Mwaka 1997 kundi la Los Angeles lililokuwa na Joanna Jen na Robert Baloh lilieleza ukoo wa asili ya Kichina wenye matatizo ya retina, figo na kiharusi. Waliitazama mishipa kwa hadubini ya elektroni, wakakuta utando wa chini wa ukuta umejirudia tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Wakaupa jina lao: HERNS, kifupisho cha Kiingereza kinachotaja urithi, mishipa, retina, figo na kiharusi. Mwaka uliofuata madaktari wa Leiden, Uholanzi, wakaeleza ukoo mkubwa wa Kiholanzi wenye ugonjwa wa retina, kipandauso, na vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi. Nao wakaupa jina lao. Ukiwasoma wote watatu leo unashangaa ilikuwaje wasionane, lakini tuwe wa haki. Wa St. Louis walikuwa na lundo la ubongo mbele yao, wa Los Angeles walikuwa na figo, wa Leiden walikuwa na kipandauso.

Mwaka 2001 damu ya koo hizo tatu ilipimwa pamoja, na zote zikaelekeza sehemu moja: mkono mfupi wa kromosomu ya 3. Majina matatu, mtaa mmoja. Ikachukua miaka mingine sita kugonga mlango wenyewe. Mwaka 2007, katika makala ambayo Atkinson alikuwa miongoni mwa waandishi wake, jeni likatajwa: TREX1.

Jeni hili hutengeneza kimeng'enya chenye asidi amino 314, na kazi yake ni kutafuna DNA kuanzia mwishoni mwa uzi. Kila seli ina mabaki ya DNA yanayozagaa nje ya kiini, na yakiachwa seli huyachukulia kuwa ni virusi vimeingia, ikapiga king'ora cha kinga. TREX1 ni mfagiaji. Ana meno upande mmoja, na upande wa pili ana mkia. Mkia huo ndio nanga: umejichomeka kwenye mtandao wa utando ulio nje ya kiini, ukamzuia mfagiaji asitoke kwenye uwanja wake.

Kasoro inayopatikana kwa wagonjwa wengi zaidi ni herufi moja iliyoongezeka. Seli husoma jeni kwa herufi tatu tatu. Chukua sentensi MTU ALA YAI LAO. Chomeka G moja baada ya neno la kwanza, halafu endelea kusoma tatu tatu: MTU GAL AYA ILA O. Maneno ya kabla ya G yamebaki salama, ya baada yake yamekuwa upuuzi. Ndivyo ilivyo kwenye TREX1. Mpaka asidi amino ya 234 kila kitu kiko sawa. Kwenye ya 235 G ya ziada inavuruga usomaji, na baada ya hatua chache seli inafika kwenye alama ya kukoma na kuacha kujenga. Meno yamekamilika. Mkia haupo.

Hili ndilo lililonivuta kwenye kisa hiki kuliko jingine lolote. Tumezoea kufikiri kwamba jeni likiharibika kitu fulani kinapungua mwilini: insulini haipo, hemoglobini ni mbovu, kimeng'enya hakifanyi kazi. Hapa kimeng'enya kinafanya kazi vizuri. Kinatafuna DNA kama kawaida. Ni ngalawa iliyokatika nanga usiku. Mbao nzima, tanga zima, ila asubuhi haipo ilipoachwa. TREX1 isiyo na mkia husambaa seli nzima, na huingia hadi ndani ya kiini, mahali ambapo DNA si mabaki ya kufagiwa.

Na kuna ushahidi kwamba kukosa nanga na kukosa meno ni mambo mawili tofauti kabisa. Mwaka mmoja kabla, 2006, kundi la Yanick Crow lilikuwa limeonyesha kwamba mtoto akirithi nakala mbili za TREX1 zisizofanya kazi, moja kwa baba na moja kwa mama, hupata ugonjwa wa Aicardi-Goutières: homa zisizo na vijidudu, ubongo unaodhurika tangu uchanga, kinga inayopigana na virusi ambavyo havipo. Wazazi wa mtoto huyo, wenye nakala moja mbovu kila mmoja, kwa kawaida ni wazima. Jeni lile lile. Meno yakikosekana, anaugua mtoto mchanga na inahitajika kasoro kutoka pande zote mbili. Mkia ukikosekana, anaugua mtu mzima mwenye kazi na watoto, na kasoro ya upande mmoja inatosha.

Mwaka 2016 kundi la Leiden na wenzao walikusanya watu 78 wenye kasoro hiyo kutoka koo 11, wakawapima kuanzia kichwani hadi miguuni. Hapo ndipo S ilipopata haki yake. Ini lilikuwa linaonyesha dalili kwenye vipimo vya damu kwa wengi. Figo zilikuwa zinavujisha protini. Upungufu wa damu ulikuwa wa kawaida, shinikizo la damu pia, na wengine walivuja damu tumboni. Mambo haya yote yalikuwa kwenye mafaili tangu zamani, kila moja kwenye faili la kliniki yake. Upungufu wa damu wa mgonjwa mwenye kiharusi nani anauhangaikia? Anaandikiwa vidonge vya madini ya chuma na safari inaendelea.

Sasa turudi kwenye kile kioo.

Kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika zaidi yalikuwa ya kinga: TREX1 inahusika na king'ora cha kinga, kwa hiyo mishipa lazima inakufa kwa sababu ya kinga. Ni hoja nzuri, na ndiyo iliyofanya dawa za kinga ziendelee kujaribiwa. Lakini haikuwa inajibu swali la kioo: kama ni kinga, seli za kinga ziko wapi? Mwaka 2024 kundi lenye Jonathan Miner, aliyefanya kazi na Atkinson St. Louis kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na watafiti wa Japani, lilichapisha kazi iliyoanzia hapo hapo. Hoja yao ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: tishu ya wagonjwa hawa inafanana na tishu iliyopigwa mionzi. Mionzi huua kwa kukata DNA. Basi pengine DNA ya wagonjwa hawa nayo inakatika.

Wakaangalia nzi wa matunda, panya, na binadamu. Kote, TREX1 isiyo na mkia ilileta uharibifu wa DNA. DNA ikikatika nyuzi zote mbili, seli ina njia ya kuitengeneza kwa kunakili kutoka kwenye uzi pacha ulio mzima, na TREX1 iliyopotea njia ilikuwa inaivuruga kazi hiyo. Vipande vya DNA vikapotea, seli zikazeeka kabla ya wakati. Jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta katika ugonjwa wa mishipa nalo likajitokeza: miongoni mwa wanawake wenye RVCL-S kulikuwa na saratani ya matiti ya mapema, kama ile ya wenye kasoro za BRCA1 na BRCA2, majeni mengine yanayohusika na ukarabati huo huo.

Kwa hiyo mtaalamu wa patholojia aliyeona mionzi mahali pasipokuwa na mionzi aliona sawasawa. Ilichukua miaka 36 tangu ripoti ya kwanza kulichukua neno lake kama lilivyo.

Matokeo hayo yana uzito kwenye kitanda cha mgonjwa. Seli zenye kasoro hii, katika majaribio hayo, zilidhurika haraka zaidi zilipokutana na dawa za saratani zinazokata DNA. Sasa mfikirie mgonjwa ambaye lundo lake la ubongo limeitwa saratani kwa kusoma picha tu, akaandaliwa mionzi na dawa hizo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya kuulizia retina na ukoo kabla ya kushika kisu, na haimgharimu mtu zaidi ya nusu saa. Maswali yenyewe hayahitaji mashine. Mama au baba aliugua nini? Alipoteza uoni akiwa na miaka mingapi? Kuna shangazi aliyeambiwa ana uvimbe wa kichwa, na mjomba aliyeambiwa amepata kiharusi kabla ya hamsini? Majibu ya kifamilia huja yamevaa nguo tofauti. Huyu alikufa kwa presha, yule alirukwa na akili, wa tatu alirogwa. Uyavue nguo kwanza ndipo uyalinganishe. Kipimo cha jeni chenyewe, mara tu mtu akilifikiria jina la ugonjwa, ni chepesi: TREX1 ni jeni fupi, na pa kuangalia panajulikana.

Tiba ni sehemu fupi ya uchambuzi huu, kwa bahati mbaya. Jicho linaweza kusaidiwa: leza, na sindano za ndani ya jicho zinazozuia mishipa mipya dhaifu kuota, zile zile zinazotumika kwa wagonjwa wa kisukari. Shinikizo la damu na figo hutunzwa kama kwa mgonjwa mwingine. Kwa ugonjwa wenyewe hakuna dawa iliyothibitika kuusimamisha. Mojawapo ya zilizopelekwa kwenye majaribio ni krizanlizumabu, dawa ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Huzuia gundi iliyo kwenye ukuta wa mshipa isinase seli za damu zinazopita. Wazo la kuiazima lilikuwa na mantiki, kwa kuwa pande zote mbili tatizo ni mshipa mdogo unaoziba. Lakini hata kwenye selimundu yenyewe dawa hiyo ilikwama: jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha faida, na mwaka 2023 Ulaya ikaifutia idhini. Kwa Tanzania, iliyo miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, habari hiyo ilikuwa na uchungu wake.

Kinachobaki ni watoto wa mgonjwa, na sijui namna ya kukiandika bila kukifanya chepesi. Mtu wa miaka 25 anajua baba yake aliugua. Kipimo cha damu kinaweza kumwambia kama yumo au hayumo. Akikutwa na jeni lenye kasoro hakuna kidonge cha kumeza, ila kuna mengine: picha za retina kila mwaka, vipimo vya figo na ini, kwa mwanamke kuanza mapema kuchunguza matiti, na uamuzi kuhusu kuzaa. Na kuna kuwa na jina la ugonjwa kwenye faili, ili siku lundo likitokea kwenye MRI, daktari wa zamu asianzie sifuri. Wapo wanaochagua kupima, wapo wanaokataa, na katika nyumba moja unaweza kuwakuta wote.

Anayekubali huenda akajikuta mbele ya ile kamera yenye taa ya buluu. Anasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa, jicho la kulia, jicho la kushoto, bila kukosea. Kisha rangi inapita, picha zinatoka, na karibu na kitovu cha uoni kuna baka dogo jeusi ambalo yeye mwenyewe bado hajaliona.